Ngoma Iliyopewa Namba ya Mkuki

Yako maneno yaliyozoeleka mno miongoni mwetu sisi tunaohudumu katika ofisi za utamaduni, nayo ni haya: "Kitu hiki hakina namba, kiwekeni kando kwanza." Wayasemao hawana nia mbaya. Aghalabu ni watu waangalifu, wanaoogopa kuliharibu daftari kwa kuandika jambo wasilolijua. Lakini neno hilo "kwanza", likishatamkwa na mtumishi wa serikali, huwa na umri mrefu. Tumepata kuiona "kwanza" iliyodumu miaka kumi na mitano, ikazeeka, ikastaafu pamoja na aliyeitamka, na kitu chenyewe kikabaki kule kule kando, kimefunikwa gunia.

Tunaandika ili kuyapinga maneno hayo. Twasema kwamba kitu kisichosajiliwa kipewe namba siku ile ile kinapoonekana, na namba hiyo iseme wazi kuwa kitu hakijasajiliwa. Aidha twasema kwamba namba ya uongo ni ovu kubwa kuliko kukosa namba.

Mwanafunzi aliyepata kuingia katika makumbusho pamoja na darasa lake huenda aliona tarakimu ndogo chini ya chungu au nyuma ya kigoda, akazidhani ni alama za fundi. Sizo. Kitu kinapoingia makumbusho kwa kununuliwa, kutolewa zawadi au kuchimbuliwa, na wenye mamlaka wakakubali kwamba sasa ni mali ya makumbusho, huandikwa katika daftari kuu la usajili na kupewa namba. Katika utaratibu unaofuatwa na makumbusho mengi duniani, namba hiyo ina sehemu tatu: mwaka wa kupokelewa, pokeo la ngapi katika mwaka huo, na kitu cha ngapi ndani ya pokeo hilo. Basi 1974.12.3 ni kitu cha tatu katika pokeo la kumi na mbili la mwaka 1974. Ukiifuata namba hiyo daftarini, utakuta jina la aliyekitoa, mahali kilikotoka, kazi kiliyofanya, na jina lake katika lugha ya wenyewe waliokitumia. Bila ya namba, habari hizo zitakuwamo daftarini na kitu kitakuwamo ghalani, wala hapatakuwa na mtu awezaye kuvikutanisha.

Lakini si kila kilichomo makumbusho kimesajiliwa. Viko vilivyoletwa vichunguzwe tu: mzee ameleta sarafu zake kuukuu katika kopo, akaambiwa arudi baada ya wiki mbili, asirudi. Viko vilivyoazimwa kwa maonyesho. Ziko nakala, na viko vifaa vya kufundishia, ambavyo watoto huruhusiwa kuvishika, na ambavyo hakuna atakayelia vikivunjika. Na viko vile tunavyovikuta ghalani siku ya kufagia, namba yake imeliwa na mchwa au haikupata kuandikwa tangu mwanzo, na aliyevipokea amekwisha kufariki. Hivi vya mwisho ndivyo vinavyotuumiza kichwa, na ndivyo hasa tunavyovitetea hapa.

Wenzetu tunaopingana nao wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza ni hao wa "kwanza", ambao husema kuwa namba ni heshima ya kilichosajiliwa, na kisichosajiliwa kingoje asili yake ijulikane. Kundi la pili lina haraka. Hawa hawapendi kuona kitu kisicho na namba, hivyo hutazama daftarini wapi pana pengo, wakakitia pale. Tuliwahi kuishuhudia kazi ya kundi hili, na ingawa hatutalitaja jumba lenyewe, habari yake yastahili kusimuliwa.

Katika ghala hilo palikuwa na ngoma ndefu ya kusimama, ngozi yake ingali nzima, haina namba. Palikuwa pia na mkuki uliosajiliwa, ila mkuki wenyewe haukuonekana. Mkaguzi alikuwa njiani. Mhifadhi, mtu mwema na mwenye bidii, akapiga hesabu: namba moja haina kitu, kitu kimoja hakina namba. Akachukua brashi, akaiandika namba ya mkuki kwenye mguu wa ngoma. Mkaguzi alipofika alihesabu namba, akakuta zimetimia, akatia sahihi yake. Hakuna aliyeiba, wala hakuna aliyepata senti. Daftari likaendelea kusema: mkuki, mpini wa mti, urefu futi tano.

Miaka kadhaa baadaye walikuja wazee watatu kutoka mbali, wamevaa nguo zao za safari. Waliuliza habari za ngoma ya ukoo wao iliyochukuliwa zamani na ofisa mmoja wa wilaya. Walikuwa wamesikia kwamba huenda ililetwa kwetu. Tukafungua daftari, ukurasa kwa ukurasa. Tukatazama na kadi. Ngoma ya namna waliyoieleza haikuwamo. Tukawajibu kwa adabu kwamba haipo. Wakanywa maji, wakashukuru, wakaenda zao. Ngoma ilikuwa nyuma ya mlango wa ghala, na sisi tulikuwa tukiipita kila asubuhi. Kama ile ndiyo waliyoitafuta, hatujui. Na hatujui kwa sababu daftari lilikuwa limekwisha kusema kwamba pale nyuma ya mlango pana mkuki. Tulipougundua mchezo huo wakati wa kuhesabu mali, hapakuwa na mtu aliyekuwa ameandika wazee wale walitoka kijiji gani.

Hapo ndipo tulipoamini kuwa namba ya uongo ni mbaya kuliko kukosa namba. Kitu kisicho na namba huulizwa maswali na kila akionaye. Kitu chenye namba ya uongo hakiulizwi tena, kimekwisha kujibu.

Huo ni mfano wa ngoma. Tunao mfano mzito zaidi, ambao kila mwanafunzi wa historia ameusoma. Mtwa Mkwawa alijiua tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe na Wajerumani, kisha kichwa chake kikakatwa na kuchukuliwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilirudishe fuvu hilo katika muda wa miezi sita. Miezi sita hiyo ikapita miaka thelathini. Gavana Edward Twining alipokwenda kulitafuta katika makumbusho ya Bremen, aliyakuta mafuvu mengi kabatini, wala hapakuwa na maandishi yaliyosema: hili ndilo la Mkwawa. Ikabidi vipimo vya mafuvu yaliyotoka Afrika Mashariki vilinganishwe na vipimo vya vichwa vya jamaa zake walio hai, likateuliwa moja lenye tundu la risasi. Mwaka 1954 likarudishwa Kalenga, karibu na Iringa, ambako limetunzwa kwa heshima. Hatuandiki haya ili kupunguza heshima hiyo. Wahehe walirudishiwa kilicho chao mbele ya ulimwengu. Lakini wako wataalamu ambao hadi leo wanalitilia shaka fuvu hilo, na shaka yao imepata nafasi kwa sababu wale waliochukua kichwa cha mtawala hawakuona haja ya kufunga kikaratasi.

Tazameni upande wa pili wa jambo hilo hilo. Mwaka 2023 taasisi inayosimamia makumbusho ya serikali huko Berlin ilitangaza matokeo ya uchunguzi wa mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyochukuliwa kutoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mengi yao hayakuweza kuunganishwa na jamaa yeyote. Mojawapo lilikuwa limeandikwa neno moja tu: Akida. Cheo hicho kiliwaongoza watafiti hadi kwa mshauri wa Mangi Meli wa Old Moshi, yule Mangi aliyenyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wenzake. Na vipimo vya vinasaba vikathibitisha kwamba ndugu wa marehemu huyo wangali hai Tanzania. Kichwa cha Mangi Meli mwenyewe hakikupatikana katika uchunguzi huo. Neno moja la herufi tano, lililoandikwa na mtu ambaye pengine hakuwa na huruma yoyote, lilimrudishia mtu jamaa zake baada ya zaidi ya miaka mia moja. Anayetuambia kwamba maandishi katika ghala ni urasimu mtupu, na awaeleze hivyo wenye msiba.

Baadhi ya wenzetu husema kwamba haya ni maradhi ya nchi maskini, na kwamba yatapona tukipata fedha na mashine. La hasha. Agosti 2023 British Museum ya London, jumba lenye fedha na wataalamu kuliko mengi duniani, lilitangaza kwamba vitu vyake vimeibwa, vimepotea au vimeharibiwa. Ilikuja kufahamika kuwa vitu vilivyohusika vinafikia 2,000 hivi, vingi vikiwa vito na mapambo madogo ya kale ya Wagiriki na Warumi. Mtumishi mmoja alifukuzwa kazi, na mkurugenzi akajiuzulu. Mwizi alichagua nini? Vingi vya vitu hivyo vilikuwa havijasajiliwa ipasavyo, havina orodha kamili wala picha. Mwenye kuiba katika ghala hachukui kinachoangaliwa na daftari. Baada ya fedheha hiyo jumba likaahidi kuzikamilisha kumbukumbu za vitu vyake vyote katika miaka mitano. Kwa hiyo tusiwaonee haya hao waliokuwa wakitufundisha kutunza. Wao pia walisema "kwanza", na "kwanza" yao ilidumu zaidi ya karne mbili.

Jambo hili lina uzito wa kisiasa pia. Wenzetu wa Kenya, kwa kushirikiana na wasanii na makumbusho ya nje, walianza mwaka 2018 mradi wa kuorodhesha vitu vya nchi yao vilivyo ng'ambo, wakapata zaidi ya 32,000 katika taasisi 30. Orodha hiyo ilitengenezwa kwa kuzikusanya namba za hao hao waliovichukua. Vile ambavyo huko havikupata namba havimo, wala haviwezi kudaiwa, maana huwezi kumwambia mtu akurudishie kitu ambacho kwa maandishi yake hanacho. Na sisi tunaodai kwa haki, tutakwenda mezani na daftari gani ikiwa nyuma ya mlango wetu wenyewe mna ngoma inayoitwa mkuki?

Liko pingamizi jingine, na hili tunaliheshimu zaidi. Wako wazalendo wasemao kwamba namba ni desturi ya kikoloni. Babu zetu walijua kigoda ni cha nani bila ya kukichora tarakimu. Ni kweli kwamba mkoloni aliitumia namba kumfuta mtu. Huko Tendaguru, mkoani Lindi, Wajerumani walichimba kati ya mwaka 1909 na 1913 wakachukua zaidi ya tani 200 za mifupa ya dinosaria. Mmoja wao amesimama Berlin tangu mwaka 1937, na wataalamu wangali wakimwita S II, kwa herufi ya shimo alimochimbuliwa. Shimo lina jina. Wachimbaji walikuwa mamia ya watu wetu, na ukimtoa Boheti bin Amrani, aliyekuwa msimamizi wao, ni wachache mno kati yao wanaotajwa vitabuni. Hata hivyo kosa hapo ni la aliyeandika mfupa asimwandike mtu. Tarakimu haina hatia. Wafugaji wetu hutoboa na kuchanja masikio ya ng'ombe, kila ukoo kwa alama yake, na ng'ombe akipotea hutambuliwa hata akiwa katika zizi la mgeni. Alama ile hawakufundishwa na gavana.

Basi namba ya kisichosajiliwa iweje? Sisi tulilelewa masjala, na masjala walikuwa na hekima yao. Jalada likipotea na barua mpya ikafika, karani hazuii barua hadi jalada lionekane, wala haitii katika jalada la mtu mwingine. Hufungua jalada la muda, akaliandika kuwa ni la muda, akaonyesha katika daftari ni la nini na limefunguliwa lini. Jalada la asili likipatikana, yale mawili huunganishwa, na daftari hutaja yote mawili. Makumbusho yafanye vivyo hivyo.

Namba ianze na herufi ambazo haziwezi kudhaniwa kuwa ni za usajili kamili. Tungependekeza KT kwa kilichokutwa ghalani, AM kwa amana, na MF kwa vifaa vya mafunzo. Nchi nyingine hutumia X au nyinginezo, na hilo si neno, mradi jumba zima liafikiane na liandike maana yake katika ukurasa wa kwanza wa daftari. Zisitumike herufi I na O, maana katika mwandiko wa haraka hugeuka moja na sifuri. Mwaka unaofuata herufi ni mwaka wa kukikuta. Tunalisisitiza hili kwa sababu ndipo uongo unapoingilia: mtu hukisia kwamba kitu "lazima kililetwa kabla ya Uhuru", akaandika 1958, na baada ya kizazi kimoja kisio lake linanukuliwa kama ushahidi. KT.2024.15 inasema tu kwamba mwaka 2024 tulikikuta kitu hiki, nacho kilikuwa cha kumi na tano. Haidai zaidi ya hapo. Haidai hata kwamba kitu ni mali yetu, na hilo ni muhimu kwa zile sarafu za mzee: namba ya amana, pamoja na stakabadhi yake, huilinda haki ya mwenyewe badala ya kuimeza.

Namba iliyokwisha kutumika isitumike tena kwa kitu kingine kamwe, hata kitu kikiungua. Namba ya asili ikigunduliwa, kitu kirudishiwe namba yake, na ile ya muda ipigwe mstari mmoja unaosomeka. Isifutwe. Wala isifutwe alama yoyote ya zamani iliyo juu ya kitu, iwe chaki, kibandiko cha duka au neno lisiloeleweka; tumekwisha kuona neno "Akida" lilifanya nini.

Hapa wenye bidii hupenda kuzidisha. Wakiona namba za zamani zina kasoro, hutaka kuzibadilisha zote zipendeze. Tuwakumbushe fuvu la kale lililopatikana kaskazini mwa Kenya mwaka 1972 na Bernard Ngeneo, ambalo ulimwengu wote wa elimu hulijua kwa namba tu: KNM-ER 1470. Herufi ER zasimama kwa East Rudolf, yaani mashariki ya ziwa lililokuwa likiitwa kwa jina la mwana wa mfalme wa Austria. Mwaka 1975 ziwa likapewa jina la Turkana, na sisi twaona lilipewa jina la haki. Namba haikubadilishwa, na hilo nalo lilikuwa sawa. Kila kitabu na kila makala iliyoandikwa juu ya fuvu lile hukutana katika namba ile. Ukiibadilisha, unakuwa umelipoteza mara ya pili.

Waalimu watatuuliza yote haya yanawahusu nini. Yanawahusu, kwa kuwa shule nyingi zina kabati au pembe ya vitu vya asili: kinu, mbuzi ya kukunia nazi, upatu, kifuko cha tumbaku, bao. Vililetwa na wanafunzi ambao sasa ni wazazi, na hakuna ajuaye kipi ni cha nani. Daftari moja la mazoezi latosha kuanza. Andikeni tarehe, namba, maelezo ya kitu kwa vipimo, aliyekileta kama anajulikana, na kama hajulikani andikeni "hajulikani", bila ya haya. Kwenye kitu msiandike kwa kalamu ya wino moja kwa moja, maana wino hupenya usitoke. Fungeni kilebo cha kitambaa cha pamba kwa uzi, mahali pasipochubuka. Kwa chungu au gumba la pwani yafaa kupaka kwanza tabaka jembamba la vanishi inayoweza kuondolewa, kuandika juu yake, kisha kulifunika andiko kwa tabaka la pili. Na namba ikae chini au nyuma, isiharibu nakshi. Vile vya kushikwa na watoto vipewe herufi zake, visije vikachanganyika na vile vya kutazamwa tu.

Nasi tunalo deni letu wenyewe. Tulipopata nafasi ya kurekebisha daftari la jumba lile, tulianza na ile ngoma. Namba ya mkuki hatukuikwangua mguuni; tuliipiga mstari. Mbele ya mkuki tukaandika kwamba haujaonekana. Kisha katika ukurasa mpya, baada ya herufi KT na mwaka, tukaandika: ngoma ya kusimama, ngozi nzima, asili haijulikani, ilikutwa nyuma ya mlango wa ghala, wazee watatu walipata kuja kuiulizia ngoma iliyofanana na hii, tukawaambia haipo.